Taa ya Mama inazimwa kutoka Dar

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mtanisamehe. Nilikuwa Muleba nikigombana na kaka yangu juu ya taa. Naam, taa. Msicheke kwanza, soma mpaka mwisho halafu uniambie kama na wewe huna ndugu wa namna hii.

Kaka yuko Dar, ana kazi nzuri, anapenda vitu vya kisasa kuliko anavyopenda kula. Krismasi ya mwaka jana alikuja nyumbani kama Wahaya wote wanavyokuja nyumbani, na kwenye begi alikuwa na balbu 14 za Wi-Fi alizonunua Kariakoo, pamoja na ruta ya laini ya simu. Siku mbili nzima hakuonekana kwenye pombe wala kwenye harusi, yuko juu ya ngazi anafungua balbu za zamani. Nyumba ya Mama ni mpya kidogo, tuliijenga upya baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 kupasua ile ya marehemu Mzee, kwa hiyo nyaya zake ni nzuri. Jioni ya siku ya pili akatuita wote sebuleni, akabonyeza simu, taa zikazima. Akabonyeza, zikawaka. Watoto wakapiga makofi. Mama akauliza, "Na swichi je?" Kaka akacheka. Akachukua selotepu akaziba swichi zote ukutani ili asije akaziminya kwa bahati mbaya, maana balbu hizo ukizizima ukutani simu haizioni tena.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Niseme ukweli, mimi nilikuwa napiga makofi na watoto.

Kituko cha kwanza kilitokea Januari. Umeme ulikatika jioni, Mama akalala. Saa nane usiku ukarudi. Balbu za namna hii nyingi zimetengenezwa hivyo, umeme ukikatika na kurudi zinawaka zote kwa nguvu zote, isipokuwa kama uliingia kwenye mipangilio ukabadilisha. Kaka hakubadilisha. Kwa hiyo usiku wa manane nyumba nzima ikawaka kama Kaitaba siku ya mechi, vyumba vya watu wasiokuwepo, stoo, veranda, kila kitu. Mama akajua ameingiliwa. Majirani walifika na mapanga.

Hilo tulilicheka. La pili sikulicheka.

Mama husali rozari sebuleni baada ya chakula. Usiku mmoja wa Februari, kama saa tatu na nusu, Kaka akiwa Dar anachungulia simu yake akaona taa ya sebuleni inawaka. Akaona Mama atakuwa ameisahau. Akaizima. Hakupiga simu, hakuuliza, alibonyeza tu na kuendelea na mambo yake. Mama, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 74, akakaa gizani akisubiri umeme urudi. Swichi zina selotepu na alikatazwa kuzigusa, yeye ni mtu wa kutii maagizo ya mafundi na madaktari. Akapapasa ukuta mpaka chumbani. Asubuhi akampa kijana wa bodaboda shilingi elfu kumi akamnunulie LUKU. Kijana akarudi, akaangalia mita, akasema, "Mama, uniti zako zipo 38, ulikuwa unanunua za nini?"

Nilipomuuliza Kaka akanijibu kwamba alikuwa anamwokolea Mama umeme.

Sasa hapa tupige hesabu, mimi si mtaalamu lakini kugawanya najua. Balbu ya wati 9 unaiwasha kwa uniti moja zaidi ya saa 110. Ukimzimia Mama taa ya sebuleni saa moja mapema kila siku, kwa mwezi mzima umeokoa uniti 0.27, yaani robo uniti. Upande wa pili, kila balbu ya Wi-Fi hata ikiwa imezimwa kwa simu inaendelea kusikiliza amri, na kusikiliza huko kunakula karibu nusu wati. Mara balbu 14, mara saa 24, mara siku 30, unapata uniti 5 kwa mwezi. Ruta sijaihesabu. Kaka alikuwa anachota maji kwa kijiko huku pipa linavuja. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia taa za simu zinaokoa umeme kwenye nyumba ya mtu mmoja anayezima taa zake mwenyewe tangu enzi za chemli, mwambie alete kalamu.

Lakini si hesabu iliyonipandisha gari pale Bukoba stendi kwenda Muleba. Ni simu niliyopigiwa na mjukuu wake akiwa likizo. Aliniambia Bibi siku hizi anakwenda chooni usiku bila kuwasha taa. Nikauliza kwa nini. Kumbe asubuhi moja Kaka alimpigia Mama akamuuliza kwa upendo kabisa, "Mama, nimeona uliamka saa tisa usiku, tumbo linauma?" Mama akamjibu haliumi. Akakata simu, akakaa. Halafu akamuuliza mjukuu, "Kwa hiyo ananiona?"

Tangu siku hiyo akawa anapita kwenye ukumbi kwa kupapasa, na sakafu ni ya vigae. Mimi nimeandika habari za wazee waliovunjika nyonga, najua wanavyoishia.

Kaka si mtu mbaya, na ana hoja moja ya kweli. Mama akija kliniki Bukoba anakaa kwangu Hamugembe wiki, wakati mwingine mbili, na nyumba inabaki giza na kahawa iko ndani. Kila mpita njia anajua hakuna mtu. Taa ya nje ikiwaka yenyewe jioni inasaidia. Hilo nilimkubalia tangu mwanzo. Swali letu likawa: kama tunataka taa zisizo na nyaya mpya, zinazoweza kujiendesha, tuchague zipi?

Wengi wetu tunachagua kwa kuangalia bei na rangi ngapi balbu inabadilisha. Mimi nasema uliza kwanza amri inapita wapi. Kaka akibonyeza Dar, amri haiendi Muleba. Inakwenda kwenye seva ya mwenye kiwanda, mara nyingi ng'ambo, halafu inarudi kwenye ruta ya Mama, halafu kwenye balbu. Hata ukisimama chini ya balbu yenyewe na simu mkononi, nyingi zinafanya safari hiyo hiyo. Bando likiisha, kwisha habari. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti kwa siku kadhaa. Na hata intaneti ikiwepo, mwenye seva anaweza kufunga duka. Kule Marekani, Aprili 2022 kampuni ya Insteon ilizima seva zake bila kuaga, watu wakaamka nyumba zao hazisikii amri za simu. Ilibidi baadhi ya wateja wenyewe wainunue kampuni ndipo seva zikawashwa tena. Nani kati yetu atakwenda kununua kampuni ili Mama awashe taa ya veranda?

Ndiyo maana mimi niliangukia Zigbee. Ni mawimbi ya redio yanayotumia nguvu kidogo, vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba, kimoja kinampasia mwenzake mpaka amri inafika. Kwa nyumba za matofali ya kuchoma kama za kwetu hilo linafaa, kwa sababu ruta moja sebuleni haifiki jikoni kule nyuma. Kinahitajika kisanduku kimoja cha kuvisimamia. Sisi tumetumia kompyuta ndogo yenye programu ya Home Assistant, ambayo ni ya bure na haihitaji seva ya mtu. Intaneti ikiwepo, sawa. Isipokuwepo, taa ya nje inawaka vilevile. Kuna na Z-Wave, nzuri pia, ila angalizo kwa wenye shangazi Marekani: vifaa vya kule vinatumia masafa tofauti na vya Ulaya, haviongei, na balbu zao ni za volti 120. Usiletewe zawadi utakayoilipua. Na kuna Matter, ambayo Apple, Google, Amazon na wenzao waliizindua mwaka 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane ndani ya nyumba bila kupitia ng'ambo. Kama unajenga leo, iangalie.

La pili, na mimi naliweka juu ya yote: swichi ya ukutani ibaki swichi. Usinunue balbu yenye akili, nunua kifaa kidogo kinachokaa nyuma ya swichi ya kawaida na balbu ya kawaida. Mama anaminya ukutani, inawaka. Simu nayo ikitaka, inaweza. Fundi wetu, kijana wa Kamachumu ambaye nilidhani atanicheka, alinifundisha jambo ambalo tovuti za Wazungu hazikunifundisha. Alifungua swichi akaniambia humu hakuna nyutro. Nyumba zetu nyingi zimefungwa hivyo, kwenye swichi unashuka waya wa moto na unarudi waya wa kwenda kwenye taa, nyutro imeishia juu darini. Vifaa vingi bila nyutro havifanyi kazi. Akasema tusichimbe ukuta, tukiweke kifaa juu darini palepale taa inapofungwa, nyaya zote zipo, swichi ya chini inabaki ilivyo. Tukafanya hivyo. (Dar ningeogopa joto la chini ya bati. Kwetu Muleba, ukipanda darini asubuhi unavaa sweta.)

Kwenye mipangilio tukaiambia kila taa kwamba umeme ukirudi ikumbuke ilivyokuwa kabla ya kukatika. Dakika mbili tu, na mapanga ya majirani yanabaki majumbani kwao.

Taa za nje nilitaka ziwake jua linapozama, nikaanza kutafuta programu ya kukokotoa machweo. Fundi akaniuliza, "Kwani hapa jua linazama saa ngapi?" Kweli. Sisi tuko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa Ikweta, mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:15 jioni. Tumeweka saa 12:45, basi. Mambo ya machweo waachiwe watu wa Ulaya ambao jua lao halina adabu.

Ila Novemba, na tena Aprili, ratiba hiyo itakuwa na mgogoro. Mama anataka taa ya veranda iwake mpaka asubuhi kwa ajili ya senene. Nimemweleza kwamba balbu hizi za LED hazina ule mwanga wanaoupenda senene kama zile taa kali za wategaji wa Bukoba mjini. Akaniambia niache kumfundisha senene.

Halafu kuna chumba chake, ukumbi na choo. Huko hatukuweka kitu chochote. Tumebandua selotepu, tumefunga zile balbu za chaji za kawaida ambazo umeme ukikatika zinaendelea kuwaka. Na hapa kuna jambo dogo watu hawaambiwi: balbu hizo haziendani na vifaa hivi. Umeme ukikatika, kifaa nacho kinakufa na kuachia, balbu inadhani mtu amezima swichi, inazima. Kwa hiyo mahali ambapo mzee anaweza kuanguka, ama unaweka akili ama unaweka mwanga. Sisi tumeweka mwanga.

Kaka amebakiwa na taa tatu za nje. Hazimwambii nani ameamka saa ngapi. Alipoona kwenye simu yake vyumba vingine vimetoweka alinipigia kwa hasira, akasema mimi namrudisha Mama kwenye koroboi, na kwamba akianguka usiku hatajua. Nikamwambia akianguka kwa sababu anaogopa kuwasha taa pia hatajua. Tukanyamaza wote kidogo. Akauliza kama hata sebuleni hawezi kupata, hata kuona tu. Nikamwambia amuulize mwenye sebule.

Alimuuliza Jumapili, baada ya misa. Mama akamjibu kwamba akitaka kujua kama yuko sebuleni, apige simu, atapokea.

Zile balbu 14 ziko kwangu Hamugembe kwenye boksi. Nzima ni 12. Anayezitaka anitafute, ila awe anaishi peke yake.