Huo unga wa mbwa unaonunua, unajua umetoka wapi?

Kama unaishi Satellite, Riruta ama Kawangware na uko na mbwa, kuna uwezekano mkubwa unamlisha kitu kimoja: ugali wa "unga wa mbwa". Unaujua. Gunia limefunguliwa mlangoni pa duka la vyakula vya mifugo ama kando ya poshomili. Juu yake kuna mkebe wa gorogoro. Hakuna lebo, hakuna tarehe, na rangi imefifia kama vumbi la barabara. Ni bei rahisi kuliko unga wa watu. Unapimiwa, unalipa, unaenda. Hakuna anayeuliza swali.

Mimi pia sikuuliza. Simba alikuwa mbwa wa ploti yetu, aliletwa akiwa mdogo baada ya wezi kutuibia nguo kwenye kamba mara mbili. Wapangaji walikuwa wanachanga pesa ya unga, na kazi ya kupika ikaniangukia mimi kwa sababu tangu niache chuo mwaka wa pili ndiye niko nyumbani mchana, mimi na laptopu yangu. Wiki moja Simba akaacha kula. Nikadhani ni madharau, labda amechoka na ugali. Siku ya pili akaanza kutapika. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi. Siku ya nne nikamfungua mdomo, manze, ufizi ulikuwa wa manjano. Weupe wa macho pia. Siku ya tano soja alimpata nyuma ya tangi la maji, ameshakufa.

Daktari wa mifugo aliyekuja alisema hizo ni dalili za ini lililoharibika. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu chanjo. Aliuliza, "Mnamlisha unga gani?" Hatukupeleka ule unga maabara, kwa hivyo siwezi kuapa ndio uliomuua. Lakini hilo swali lilinikalia kichwani, nikaanza kusoma. Nilichopata kinakuhusu hata kama huna mbwa.

Mahindi yakivunwa na kuwekwa kabla ya kukauka vizuri, yanashika ukungu. Viwango vyetu vinataka mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo, na ghala liwe na joto, ukungu fulani unatengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, yaani aflatoksini. Hii sumu haina harufu wala ladha. Tena kupika hakuimalizi: unaweza kusonga ugali saa nzima na bado imo. Inashambulia ini. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, kwa binadamu inaleta saratani ya ini.

Mbwa ni mmoja wa wanyama wanaoumizwa na sumu hii haraka. Mwili wake ni mdogo, na sisi tunampa unga uleule asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Wewe leo ni ugali, kesho ni chapati, kesho kutwa ni githeri. Yeye hana kesho kutwa. Kama gunia liko na sumu, analimaliza lote.

Kenya hii si stori mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa hospitalini Machakos kwa ajili ya mahindi yenye sumu hii, na 12 kati yao wakafariki. Kisha ikaja 2004, ile ambayo wazazi wetu wa Ukambani hawajaisahau: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. India nao walikuwa wameyaona mapema. Mwaka 1974, kwenye vijiji vya magharibi mwa nchi hiyo, zaidi ya watu 100 walikufa kwa mahindi yaliyooza, na mbwa waliokula chakula cha nyumba hizohizo waliugua pia. Yaani mbwa akianza kuwa wa manjano, si yeye peke yake anayeambiwa kitu.

Sasa jiulize: mahindi mabaya huenda wapi? Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa pakiti kwa sababu ya sumukuvu. Machi 2021 serikali ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, halafu siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti. Zote zilikuwa habari kubwa, tukapiga kelele mtandaoni wiki nzima. Lakini mfanyabiashara mwenye gunia lililobadilika rangi halitupi. Analichambua: punje safi zinaenda kwa unga wako, na zile nyeusi, zilizovunjika na zilizonyauka zinauzwa bei ya chini kama chakula cha mifugo. Sumu huwa nyingi zaidi kwenye hizo punje mbovu. Kwa hivyo kadiri unga wako unavyosafishwa, ndivyo uchafu unavyokusanyika kwenye gunia la mbwa, la kuku na la ng'ombe.

Na hilo gunia linarudi kwako kwa mlango wa nyuma. Ng'ombe akila sumu hii, sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Watafiti walichukua maziwa ya kupima kwa wauzaji wadogo hapa hapa Dagoretti, matokeo yakachapishwa 2016, na zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kinachokubaliwa Ulaya. Hayo ni maziwa ya chai yetu, ya mandazi ya asubuhi, ya mtoto wa jirani.

Halafu kuna suala la bei. Unakumbuka Julai 2022, pakiti ya kilo 2 ilipopita shilingi 200 na serikali ikaishusha hadi 100 kwa muda, uchaguzi ukiwa mlangoni? Siku kama hizo, mama mwenye watoto wanne anaona gunia la unga wa bei ya chini pale mlangoni. Nani atamzuia? Unga ni unga. Jina "wa mbwa" halijaandikwa popote, linasemwa tu mdomoni.

Usidhani pia kwamba hili ni tatizo la mtaa tu, kwamba ukivuka uende Lavington, mbwa anayekula chakula cha pakiti ameokoka. Mwishoni mwa 2020 kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza chakula cha mbwa cha Sportmix ililazimika kukirudisha kutoka madukani kwa sababu ya sumukuvu. Kufikia Januari 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilikuwa imepokea ripoti za mbwa zaidi ya 110 waliokufa. Chanzo kilekile: mahindi. Tofauti ni kwamba kule pakiti ilikuwa na namba, ikafuatiliwa mpaka kiwandani. Gunia la Satellite halina namba. Simba akifa, mzunguko unaishia kwenye shimo nyuma ya ploti.

Kwa hivyo umlishe nini? Mimi si daktari, lakini haya ni mambo yanayojulikana vizuri.

Kwanza, ugali wenyewe si dhambi. Utafiti uliotoka 2013 ulionyesha mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amebadilika mwili kiasi cha kuweza kusaga wanga vizuri. Kuishi na watu kumemfunza kula chakula cha watu. Shida ni ugali mtupu, tena wa unga usiojulikana. Mpikie unga uleule unaokula wewe, lakini upunguze. Ibadilishe na mchele, viazi vitamu ama malenge ili asikae kwa mahindi kila siku.

Pili, mbwa anahitaji nyama ama samaki. Huna haja ya nyama ya stima ya kibanda. Omena wa sokoni Kawangware wanatosha, ila waoshe mchanga na chumvi. Mapafu na matumbo buchani ni bei nafuu pia. Lakini uvichemshe mpaka viive kabisa! Mbwa akila mapafu au maini mabichi ya kondoo, mbuzi ama ng'ombe anaweza kupata mnyoo ambao mayai yake yanatoka na kinyesi na kumpa binadamu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Turkana wameteseka na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Maini yawe kidogo tu, si kila siku. Yai la kuchemsha ni sawa, na ganda lake likisagwa laini linampa madini ya mifupa.

Tatu, masalio ya sufuria yachunguze. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, na unajua hakuna mchuzi wa kwetu usio na kitunguu. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama vijiti vyenye ncha na kutoboa utumbo. Maji safi yawepo wakati wote. Mkubwa ale mara mbili kwa siku, mtoto mara tatu ama nne.

Nne, ukiona ameacha kula, anatapika, mkojo ni mweusi ama ufizi una manjano, usingoje siku tano kama mimi. Simamisha huo unga hapohapo, mwite daktari, na uweke unga kidogo kando kwa ajili ya kupimwa. Maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete, si mbali na sisi.

Lakini pia tusijidanganye kwamba hili litaisha kwa kila mtu kuchagua gunia zuri. Sheria ya vyakula vya mifugo ipo, Sura ya 345, na viwango vya KEBS vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kwenye mlango wa duka na kuuliza gunia lile limetoka wapi. Mahindi yaliyokataliwa yanafaa kuharibiwa mbele ya macho ya mtu. Kuyabadilisha jina na kuyapa mkia si kuyaharibu. Na mkulima apewe njia ya kuyakausha kabla hayajaoza, maana hapo ndipo kila kitu kinaanzia.

Kabla hiyo siku ifike, fanya kitu kimoja. Kesho ukienda kupimiwa, chota unga mkononi, utazame, kisha muulize muuzaji: "Wewe unaweza kusonga huu nyumbani kwako?" Mimi niliuliza wiki jana. Alicheka, akafunga gunia, akanionyesha lile lingine la shilingi zaidi.

Sasa hivi tuna mtoto mwingine wa mbwa kwa ploti. Anakula tunachokula. Wapangaji wawili wamelalamika kwamba mchango umepanda. Niliwakumbusha nani anakunywa maziwa ya hapa mtaani, wakalipa.