Bao Si Karata Tatu: Neno kwa Wapenzi wa "Hutaamini Mwisho Wake"

Nimechoka na mwisho wa kushtukiza. Kushtuka kwenyewe nakupenda, tena sana. Kilichonichosha ni kitabu cha kurasa mia nne ambacho kurasa mia tatu na themanini ni foleni ya kungojea ishirini za mwisho. Geuza jalada la nyuma la riwaya yoyote ya taharuki iliyotamba miaka hii kumi na ushee: utaahidiwa kwamba hutaamini mwisho wake. Nani kauawa? Alikuwa mtu wa namna gani? Nani atamlilia? Hayo huambiwi, maana siyo bidhaa inayouzwa.

Sasa mimi nasema hivi: mshtuko umegeuzwa kuwa ndiyo hadithi yenyewe, na riwaya ya upelelezi inakufa kwa sumu hiyo huku sisi wasomaji tukipiga makofi.

Tuanze na suala la haki. Ukikaa kwenye bao, mashimo ni 32 na kete ni 64, na ubao uko mbele yenu wote wawili. Mpinzani wako anakula kete zako mchana kweupe, na ukishindwa unajua kabisa umeshindwa kwa sababu hukuhesabu vizuri. Ndiyo maana unaomba mrudie. Karata tatu za kituo cha basi nazo ni mchezo wa macho, lakini pale hushindi hata ukodoe namna gani, kwa sababu karata unayoifuata haipo pale unapofanywa uamini ipo. Na wale wanaoshangilia pembeni, wanaoshinda-shinda mbele yako, ni wenzake mchezeshaji. (Ukitaka kujua nawasema akina nani, soma tena majina ya waandishi wanaosifiana kwenye majalada.)

Agatha Christie alikuwa mcheza bao. The Murder of Roger Ackroyd ilitoka mwaka 1926, na walikuwepo wasomaji wa wakati ule waliolalamika kwamba wamechezewa rafu. Kitabu ni cha zamani, lakini bado sitamwaga mtama. Nasema hili tu: kisome mara ya pili. Utakuta sentensi zilizokupoteza zilikuwa zimebeba ukweli ndani yake. Zilikuwepo, wewe ulizipita. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia akiandika hadithi za upelelezi, alitoa amri zake kumi za uandishi huo. Nyingine leo zinachekesha, lakini mbili bado zina uzito: mpelelezi asifiche dalili aliyoiona, na yule rafiki yake anayetusimulia asifiche mawazo yanayompitia kichwani. Msomaji apewe anachopewa mpelelezi. Basi.

Hebu sasa tazama mbinu za siku hizi. Kuna sura fupi za maandishi ya mlazo, za mtu asiyetajwa jina, anayetuambia anavyochukia. Kuna shajara iliyookotwa. Kuna sura zinazosomeka kama zinatokea leo, kumbe ni za miaka saba nyuma, na mwandishi hakukupa hata tone la kukushtua. Halafu kuna kipenzi cha wote, msimulizi asiyeaminika. Anajua jambo, analifikiria kila siku, lakini likifika kichwani mwake tu sura inakatika. Huyo msimulizi hana sababu ya kutuficha sisi. Mwenye sababu ni mwandishi, anayetaka kuuza ukurasa wa 380.

Siyo kwamba mbinu ni mbaya kwa asili yake. Gillian Flynn alipotoa Gone Girl mwaka 2012, alifanya jambo ambalo wengi waliomwiga hawakuliona: siri kubwa ya kitabu aliifungua katikati. Alijua kwamba baada ya kibao kugeuka bado ana kitu cha kusema, nacho ni ndoa, yaani watu wawili wanaojuana vizuri kiasi cha kujua pa kuchomana kisu. Waigaji walichukua kibao, ndoa wakaiacha mezani.

Paula Hawkins naye, katika The Girl on the Train ya mwaka 2015, alimpa Rachel ulevi na kumbukumbu zilizotoboka. Lakini kusahau kwa Rachel kuna kazi. Polisi hawamwamini, watu wanaomzunguka hawamwamini, na sisi wasomaji tunaungana nao: eti mlevi huyu atakuwa ameona nini? Kitabu kikifika mwisho, aibu ni yetu. Tumeonyeshwa jinsi mwanamke anavyoweza kuporwa hata kumbukumbu zake mwenyewe.

Baada ya hapo ikawa mafuriko. Mwaka 2018 tukaletewa The Woman in the Window ya A. J. Finn: mwanamke hatoki nje, anakunywa mvinyo juu ya vidonge, anachungulia majirani, anaona jambo la kutisha, hasadikiwi. Siri kubwa ya maisha yake, ambayo yeye mwenyewe anaijua, sisi tunanyimwa hadi mwandishi aamue muda umefika. Maradhi ya mtu yamefanywa moshi wa jukwaani. Na ukisoma kumi za namna hii mfululizo, utabaki na somo moja ambalo hakuna aliyekusudia kulifundisha: mwanamke akisema kaona, kwanza mnuse mdomo. Jamani, huko nje wanawake wangapi wanakwenda kuripoti kipigo na hawasadikiwi? Hawkins aliliona jeraha hilo akalifungua tulitazame. Waliomfuata wanatumia jeraha hilohilo kutufunga macho.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jina la kitabu. Stieg Larsson wa Sweden aliandika riwaya iliyotoka mwaka 2005, baada ya kifo chake. Jina lake la Kiswidi maana yake ni "Wanaume wanaochukia wanawake". Hiyo ni shutuma. Jina linanyooshea kidole wanaotenda. Kiingereza kilipolipokea mwaka 2008, likawa The Girl with the Dragon Tattoo. Kidole kikaondolewa kwa wanaume, kikaelekezwa kwa msichana na mchoro wa ngozi yake. Sidhani kuna sentensi inayoeleza soko hili vizuri kuliko mabadiliko hayo ya jina. Tangu hapo majalada yamejaa "girl", "woman", "wife", na mara nyingi mwenye jina hilo ama kafa, ama katoweka, ama hana akili timamu.

Najua utaniambia nini. "Ndugu, haya ni mambo ya starehe. Mtu katoka kazini kachoka, kapanda daladala, anataka kitu cha kumsahaulisha foleni. Mwache." Sawa, namwacha. Ila starehe nayo ina viwango. Kahawa ni starehe, na bado ukiletewa maji ya rangi utarudisha kikombe. Aliyechoka ndiye anayestahili zaidi kutochezewa, maana kachukua saa yake moja ya mapumziko akakupa wewe.

Na usiniambie bila mshtuko wa mwisho taharuki haiwezekani. Mwaka 2005 hiyohiyo, Keigo Higashino wa Japani alitoa riwaya inayojulikana kwa Kiingereza kama The Devotion of Suspect X, ikampatia Tuzo ya Naoki. Sura ya kwanza haijaisha, tumeshaona mama na binti yake wakimuua yule mume wa zamani aliyekuwa akiwaandama. Tunamjua aliyekufa na waliomuua. Jirani yao, mwalimu wa hisabati, anajitolea kuwasaidia kuficha. Kitu gani kimebaki? Kila kitu! Kimebaki kujua upendo wa mtu mkimya unaweza kwenda umbali gani. Kibao kinageuka, ndiyo, lakini kinapogeuka hupigi kelele, unafunga kitabu unakaa kimya.

Njoo karibu na nyumbani, Lagos. Oyinkan Braithwaite, katika My Sister, the Serial Killer ya mwaka 2018, hana hata haja ya siri. Jina la kitabu limeshatoboa. Korede ni muuguzi, mdogo wake Ayoola anaua wapenzi wake, na simu inapopigwa Korede anakwenda na dawa ya kusafishia. Swali linalotufukuza toka ukurasa hadi ukurasa ni moja: damu ya ndugu inakudai mpaka wapi? Hilo swali lina meno hata kwa asiyewahi kuona maiti. Kila mmoja wetu ana ndugu ambaye ukoo unamfunika.

Na kwetu Kiswahili? Sisi hatukuanza jana. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kabla yake, Muhammed Said Abdulla alikuwa ameshamleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo woga peke yake ungetosha kufunga kesi: mzimu kafanya, yamekwisha. Bwana Msa hakubali. Anauliza maswali ya kibinadamu, nani alikuwa na nani, nani alitaka nini, na kifo kimoja kinaifungua jamii nzima mbele yetu. Baadaye akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, akipambana na majasusi wa makaburu katika miaka ambayo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Hatari yake ilikuwa na anwani. Tuwe wakweli pia: wanawake wa Gamba wengi wamewekwa kama maua mezani, na risasi zinamkwepa kama zinamfahamu. Sisemi turudi huko. Nasema wazee wale walijua kitu ambacho wengi wa sasa wamekisahau, kwamba upelelezi ni njia ya kuingia ndani ya jamii na kuiuliza maswali ambayo mgeni wa kawaida hawezi kuuliza.

Ndiyo maana inaniuma nikisoma vijana wetu wanaoandika hadithi za mfululizo za kusomwa kwenye simu. Vipaji vipo, Kiswahili kipo, mitaa ipo: migogoro ya viwanja, wosia uliopotea, mikopo ya riba, mabinti wa kazi ambao hakuna anayewauliza walikotoka. Halafu sehemu ya mwisho, kumbe muuaji ni pacha. Kumbe ilikuwa ndoto. Kumbe marehemu yu hai. Nani kawaambia msomaji anataka "kumbe" peke yake?

Wewe msomaji unaweza kulipima hili leo. Chukua riwaya ya taharuki uliyoipenda mwaka jana, ambayo mwisho wake unaujua. Ifungue katikati, soma kurasa kumi. Kama bado inakushika, hicho ni kitabu, mpe na jirani. Kama imekufa mkononi kwa sababu siri imeshatoka, basi uliuziwa siri, na kitabu hukupata. Kisha jiulize: yule aliyeuawa aliitwa nani? Usipolikumbuka jina lake, jua kwamba mwandishi naye hakuwa na habari naye. Alihitaji maiti tu.