Kime-, kime-, kime-: hiyo ni sayansi ya bure

Wasee, fungua kamusi ya Kiswahili, nenda K, shuka hadi "kime-". Hapo kuna darasa zima la bayolojia na hakuna mtu anakuitisha karo.

Kimea: mbegu iliyolowekwa ikachipua, ile ya kutengenezea pombe. Wengine huiita kimera.

Kimelea: kiumbe kinachoishi kwa mgongo wa kingine. Kupe kwa ng'ombe. (Na wewe unajua mwingine kwa hao jamaa zako.)

Kimeng'enya: kitu mwilini kinachovunjavunja chakula. Kiko hata kwa mate. Tafuna ugali sana, utaanza kuskia utamu.

Kimetameta: mdudu anayewaka usiku.

Kimeta: ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla, na binadamu pia anaupata.

Sasa angalia. Mea, kimea. Melea, kimelea. Meng'enya, kimeng'enya. Neno lenyewe linakuambia kazi yake. "Anthrax" nayo? Ni Kigiriki, maana yake makaa, kwa sababu ya kidonda cheusi kinachotokea kwa ngozi. Nani Bisil atajua hiyo?

Na hapa kwetu si mchezo. Bisil inaishi kwa mifugo. Ng'ombe akifa ghafla na damu inatoka puani bila kuganda, usimchune, usimpasue, usile. Ita daktari wa mifugo. Vijidudu vya kimeta vinaweza kukaa kwa udongo miaka na miaka vikingoja mnyama mwingine.

Kuna msee ameandika "anthrax" kwa mtihani, akapata tiki, lakini akiskia redio ikitaja kimeta anadhani ni kitu kingine. Hiyo elimu inamsaidia nani? Wazee wana majina yao ya Kimaa na ugonjwa wanaujua. Tuliokwama katikati ni sisi vijana.

Mtu ataniambia, "Wewe uliacha chuo, utatufunza sayansi?" Sawa. Lakini kamusi haiulizi cheti.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iko tangu 1981, na Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Maneno tunayo. Ni vile hatuyafungui.

Sisemi tutupe Kiingereza. Mtihani ni mtihani. Ninasema ukijua neno moja la sayansi kwa Kiingereza, tafuta ndugu yake wa Kiswahili, halafu umwambie mtu nyumbani.

Wiki ijayo tunaingia "usa-": usaha, usafi, usanisinuru. Nani anajua hiyo ya mwisho bila kugugo?