UCHAMBUZI: Ulaghai wa mikopo ya nyumba Marekani ulianzia kwa wakopeshaji

MASKINI ndiye hubebeshwa lawama kila janga la kiuchumi linapotokea.

Ndivyo ilivyokuwa nchini Marekani baada ya soko la nyumba kuanza kuporomoka katika miaka ya 2006 na 2007. Wanasiasa na wachanganuzi kadhaa walidai kuwa kiini cha maafa hayo kilikuwa walalahoi waliokimbilia nyumba wasizoweza kuzilipia, pamoja na serikali iliyozishinikiza benki kuwakopesha.

Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwani wapo wakopaji waliodanganya kuhusu mapato yao. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ulaghai ilipikwa na wakopeshaji wenyewe.

Ili kuelewa yaliyojiri, ni vyema kuangazia jinsi biashara hiyo ilivyogeuka. Zamani, benki iliyomkopesha mtu pesa za kununua nyumba ilibaki na mkopo huo hadi ulipwe, mara nyingi kwa miaka 30. Mkopaji akishindwa kulipa, hasara ilikuwa ya benki. Kwa hivyo, meneja alikuwa na kila sababu ya kumchunguza mwombaji kwa makini.

Baadaye, wakopeshaji walianza kuiuza mikopo punde tu walipoitoa. Benki kubwa za New York ziliinunua kwa maelfu, zikaifunga pamoja na kuiuzia wawekezaji kote duniani kama dhamana. Dalali alilipwa kamisheni kwa kila ombi lililopita, mkopeshaji akapata faida alipouza mkopo, nayo benki ikatoza ada ya kuufunga. Kila mmoja aliamini kuwa hasara, ikitokea, ingemwangukia mwingine.

Mnamo Juni 2003, Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi asilimia 1. Pesa zikapatikana kwa urahisi, na bei za nyumba zikazidi kupaa. Mikopo isiyohitaji uthibitisho wa mapato ikaenea, na wenye biashara hiyo wakaibandika jina la ‘mikopo ya waongo’. Dalali angeweza kuandika mshahara wowote uliotosha kupitisha ombi, wakati mwingine bila mkopaji kujua.

Wakadiriaji wa thamani ya nyumba nao walibanwa. Kati ya mwaka 2000 na 2007, wakadiriaji wapatao 11,000 walitia sahihi waraka uliowasilishwa kwa serikali mjini Washington. Walilalamika kwamba wakopeshaji waliwashinikiza waongeze bei kwenye makaratasi, na kuwanyima kazi waliokataa.

Si wao pekee waliopiga kamsa. Mnamo Septemba 2004, afisa wa ngazi ya juu wa shirika la upelelezi la FBI, Chris Swecker, alionya kuwa ulaghai wa mikopo ya nyumba ungeweza kuenea kama mkurupuko wa maradhi. Lakini baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, wapelelezi wengi wa shirika hilo walikuwa wamehamishiwa vita dhidi ya ugaidi.

Mnamo Januari 2006, kampuni ya Ameriquest ilikubali kulipa dola milioni 325 kumaliza madai ya majimbo 49 kuhusu mbinu zake za kukopesha. Hata hilo halikuzishtua kampuni za kupima ubora wa dhamana. Moody’s pekee iliidhinisha takriban dhamana 45,000 za mikopo ya nyumba kuwa za daraja la juu kabisa kati ya mwaka 2000 na 2007. Kati ya zile zilizopewa daraja hilo mwaka 2006, asilimia 83 zilishushwa baadaye.

Kufikia katikati ya mwaka 2006 riba ya Benki Kuu ilikuwa imepanda hadi asilimia 5.25. Mikopo iliyoanza kwa malipo nafuu ikawa mizigo, na bei za nyumba zikaanguka. Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Mamilioni ya familia zilipoteza makao.

Tume iliyochunguza janga hilo, chini ya uenyekiti wa Phil Angelides, ilitoa ripoti yake Januari 2011 na kusema kuwa msukosuko huo ungeweza kuepukika. Tume iligundua pia kwamba ni asilimia 6 pekee ya mikopo ya riba ya juu iliyohusiana na sheria ya mwaka 1977 inayohimiza benki kuhudumia mitaa ya watu wa mapato ya chini. Dai kwamba serikali iliwalazimisha wakopeshaji likakosa miguu ya kusimamia.

Je, nani aliadhibiwa? Lee Farkas, aliyeongoza kampuni ya Taylor, Bean & Whitaker, alifungwa miaka 30 mnamo 2011. Lakini wakuu wengi wa benki kubwa hawakufikishwa kizimbani. Mnamo Februari 2012, benki tano zilikubali kulipa dola bilioni 25 baada ya kufichuka kuwa hati za kutwaa nyumba zilitiwa sahihi kwa maelfu bila kusomwa. Waliogharimika zaidi ni wenye hisa.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kenya ingali na mikopo michache ya nyumba, na inajitahidi kuiongeza kupitia kampuni ya KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020 ili kuzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu. Lengo hilo ni jema, kwani raia wa mapato ya wastani amefungiwa nje ya soko la nyumba kwa muda mrefu.

Jambo la kulindwa ni kwamba anayepitisha mkopo abaki akiwajibikia hasara yake. Marekani ilikuwa na sheria, wapelelezi na wakaguzi wengi kutuliko, lakini ililegeza kanuni hiyo moja. Gharama yake ililipwa na familia zilizotolewa nyumbani, nyingi zikiwa hazikumlaghai yeyote.