Mmepatana Bei, Je, Mmepatana Gunia?

Hapa Chimala mavuno yakifika malori hujaa kando ya barabara kuu. Mpunga hutoka bonde la Usangu, na viazi hushuka kutoka Matamba kwa ile barabara yenye kona 57. Ni wakati wa furaha, na ni wakati wa ugomvi pia.

Msimu mmoja mama mjane alinijia ofisini, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Mwanangu karani, nimeuza mpunga wangu wote, na bado nadaiwa.” Nikamwomba anieleze.

Mwezi wa pili, mpunga ungali shambani, mnunuzi mmoja alimwendea. Wakapatana gunia 10, kila gunia shilingi 70,000. Akampa arbuni, naye mama akailipia shule ya mtoto. Hawakuandika neno, wala hawakumwita mtu kushuhudia. Mwezi wa sita yule bwana akaja na magunia yake mwenyewe. Mama alikuwa na debe 60, na kwa hesabu yake ya debe 6 kwa gunia, zilitimia gunia 10 kamili. Lakini magunia ya bwana yule yalishindiliwa, yakaongezwa juu na kushonwa kwa kamba. Kila moja likameza debe 7 na nusu. Zikapatikana gunia 8 tu. Mama alipolalamika akajibiwa, “Mama, gunia ni gunia.” Basi akakosa shilingi 140,000, na juu yake akadaiwa gunia 2.

Tazama, ndugu msomaji: bei haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni kipimo. Hii ndiyo lumbesa. Sheria inakataza kufunga gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuisimamia. Lakini mjane akiwa peke yake shambani, na lori linanguruma, atamwita nani?

Wengi hudhani kwamba mapatano ya mdomo si kitu mbele ya sheria. Sivyo. Ila Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka jambo moja zaidi mauzo yakiwa ya shilingi 200 au kupita: mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arbuni au sehemu ya bei, au yawepo maandishi yenye sahihi. Na siku hizi ni gunia gani lisilofika shilingi 200? Arbuni ya mama yule ilitosha kuyafunga mapatano. Lakini kuyafunga kwa debe ngapi? Hapo kila mmoja alikuwa na neno lake, na shahidi hakuna.

Tusiwalaumu wanunuzi peke yao. Wako wakulima wanaopokea arbuni kwa huyu, kisha bei ikipanda wanampakilia mwingine usiku. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilimwahidi mtu gunia 3 za mpunga. Lilipokuja lori jingine lenye bei nzuri zaidi, nikauza. Yule wa kwanza alipofika nilimwambia sikumbuki vizuri tulivyopatana. Nilikumbuka sana. Ahadi ni deni, hata bei ikipanda.

Katika kazi yangu siandiki ndoa kitabuni bila mashahidi wawili, ijapokuwa bwana na bibi arusi wanapendana sana. Mashahidi hawaitwi kwa sababu ya kutoaminiana. Wanaitwa kwa sababu mtu husahau, na shida humfanya asahau upesi zaidi. Basi kwa nini mavuno ya mwaka mzima yapite bila shahidi?

Kwa hiyo, kabla hujapokea arbuni, chukua karatasi ya daftari la mtoto. Andika majina, tarehe, idadi ya magunia, bei, arbuni iliyotolewa, na siku ya kuchukua mzigo. Kisha andika lile linalosahauliwa: gunia moja ni debe ngapi, au bora zaidi, kilo ngapi kwenye mizani. Tieni sahihi wote wawili na mashahidi, kila mmoja ashike nakala yake. Arbuni ikija kwa simu, usifute ujumbe. Nao ni ushahidi.

Yule mama tulikwenda naye kwa wazee, na mnunuzi akaitwa. Baada ya maneno mengi lile deni la gunia 2 likafutwa, na bwana akaongeza bei ya gunia 1. Nusu ya hasara ilibaki kwa mama. Alipoondoka aliniomba karatasi tupu mbili za msimu ujao. Nami nilimpa nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwaherini mpaka juma lijalo.