Damu ya Wadogo, Meza ya Wakubwa

Wako watu wanaotuambia sisi wa Mubambiro kwamba mambo ya mataifa si kazi yetu. Husema: limeni maharagwe yenu, uzeni makala yenu, na habari za mabalozi waachieni wenye kuvaa suti. Tungalikubali shauri hilo kama mambo ya mataifa nayo yangalikubali kukaa mbali nasi. Lakini yamekuja yenyewe mpaka mlangoni. Yalipiga hema kando ya barabara iendayo Sake, yakazungushwa waya, yakawekewa walinzi. Kwanza tuliona magari meupe ya Umoja wa Mataifa, kisha tangu Desemba 2023 tukaona na askari wa SADC, waliotumwa na Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Tumelala usiku mwingi tukisikia makombora yakipita juu ya mabati yetu kuelekea kwao, na yao yakirudi. Basi tunayo haki ya kusema neno, na leo neno letu ni juu ya Malawi.

Mtanzania tulielewana naye kwa Kiswahili. Mwafrika Kusini alikuwa na magari makubwa na redio za nchi yake zikimwulizia kila siku. Mmalawi alisema Kichewa, na tukipatana naye bei ya ndizi tulitumia vidole. Mtu mpole. Nchi yake ina watu wasiozidi milioni 18 kwa hesabu ya mwaka 2018, haina pwani, na habari zake hazifiki mbali. Pengine ndiyo maana watu walipohesabu wafu wa Januari 2025, wakati Sake na Goma zilipoanguka mikononi mwa M23, walitaja kwanza wale 14 wa Afrika Kusini, nao wa Malawi, ambao ni watatu, na wa Tanzania wawili, walitajwa mwishoni, kama chenji inayorudishwa.

Wala hao hawakuwa wa kwanza. Malawi ilikuwa katika kile kikosi maalumu ambacho Baraza la Usalama lilikiunda kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, kikosi kilicholisaidia jeshi la Kongo kuwashinda M23 mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Mwezi wa Novemba 2018, huko Beni, Wamalawi sita na Mtanzania mmoja waliuawa katika vita na waasi wa ADF. Mmoja wa wale sita, askari Chancy Chitete, alikufa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyekuwa amejeruhiwa, na Umoja wa Mataifa ukampa nishani ya ushujaa mwaka 2019. Hayo ndiyo Malawi iliyotoa kwa ajili ya Kivu.

Sasa na tuulize: nayo ilipewa nini mezani?

Tarehe 24 Februari 2013, mjini Addis Ababa, nchi 11 zilitia sahihi mapatano ya amani kwa ajili ya Kongo na jirani zake. Zambia ilitia sahihi. Afrika ya Kati ilitia sahihi, ingawa wakati ule ilikuwa haiwezi kulinda hata mji wake mkuu. Malawi haimo katika zile 11. Tutaambiwa kwamba SADC ilikuwapo kama mdhamini, na Malawi ni mwana wa SADC. Kweli. Lakini mtoto anayepelekwa kisimani kila siku, mbona siku ya karamu baba ndiye anayemlia sehemu yake?

Tena mwaka 2025, jumuiya mbili, ya Afrika Mashariki na ya Kusini, zilikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari, zikaunganisha ile njia ya Nairobi na ile ya Luanda kuwa njia moja. Baadaye walichaguliwa wazee watano wa kusuluhisha: Obasanjo wa Nigeria, Kenyatta wa Kenya, Motlanthe wa Afrika Kusini, Bibi Samba-Panza wa Afrika ya Kati, na Bibi Sahle-Work wa Ethiopia. Hatuna neno baya juu yao. Lakini hakuna Mmalawi. Yupo Bibi Joyce Banda, aliyekuwa rais wa Malawi askari wale walipokuja mwaka 2013, na ambaye mwaka huo huo alishika uenyekiti wa SADC. Nani alimwuliza?

Hapo ndipo wenye akili ya haraka wanapotujibu: "Malawi ni nchi ndogo. Ndogo hana sauti." Jibu hili tumelichoka, nasi tunalikataa kabisa.

Tazameni ramani. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338. Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini peke yake linaizidi zaidi ya mara mbili. Je, Rwanda haina sauti? Inasikiwa New York, inasikiwa Brussels, na Baraza la Usalama lilipoitaja kwa jina katika azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, likitaka majeshi yake yaache kuwasaidia M23 na yatoke, ilijibu bila kutetemeka kwamba inajilinda tu. Hatusemi kwamba inasema kweli. Twasema kwamba inasema. Na Kongo yetu, yenye kilomita zaidi ya milioni mbili, mara ngapi imezungumza kama mtu anayeomba maji kwa jirani? Qatar ni nchi ya kilomita elfu 11 na ushei, nayo iliwakutanisha Tshisekedi na Kagame Doha tarehe 18 Machi 2025. Mtasema: ana gesi huyo, ana fedha. Haya, mwacheni. Togo je? Togo haifikii nusu ya Malawi kwa eneo wala kwa watu, haikuwa na kikosi hata kimoja katika jeshi lile la SADC, na bado tangu Aprili 2025 kiongozi wake, Faure Gnassingbé, amekuwa msuluhishi wa Umoja wa Afrika katika shauri hili. Togo ina gesi gani?

Na lile azimio 2773 lilipopigiwa kura, walikuwamo katika Baraza Sierra Leone na Guyana. Guyana haifikishi watu milioni moja. Yenyewe ilijiunga na nchi tatu za Afrika, Algeria, Sierra Leone na Somalia, wakawa wanne wenye kusema kwa pamoja. Hivyo ndivyo mdogo anavyofanya: hutafuta wenzake, hukubaliana nao neno moja, kisha hulisema mpaka lisikike.

Wala Malawi yenyewe si bubu kwa kuzaliwa. Mwaka 1967 Rais Kamuzu Banda alifungua ubalozi na serikali ya Makaburu, Afrika nzima ikimlaani. Alikosea, na kosa lile lilikuwa kubwa. Ila hakuna aliyethubutu kusema kwamba hakusikika. Jirani yake Nyerere alitumia sauti ya nchi maskini kwa njia nyingine: Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rodesia, akakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Watu wa Tanzania walizihitaji fedha zile. Lakini tangu siku ile kila mkubwa alijua kwamba mtu yule akisema hapana, maana yake ni hapana.

Tarehe 5 Februari 2025 Malawi ilisema neno lake mwenyewe, bila kungoja mkutano wa Dar es Salaam. Rais Lazarus Chakwera aliliagiza jeshi lijitayarishe kurudi nyumbani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuheshimu tangazo la kusimamisha mapigano na kufungulia mazungumzo njia. Wako waliocheka na kuwaita Wamalawi waoga. Sisi hatukucheka. Mama wa Lilongwe hana deni kwetu, na mtu aliyeletewa majeneza ana haki ya kuwaita waliobaki. Lugha ndiyo iliyotuuma. Siku ile ile ya tarehe 5, M23 waliuteka Nyabibwe, huko Kivu ya Kusini. Mapigano gani yaliyosimama? Taifa lililozika wana wake lilikuwa na haki kuliko mtu yeyote ya kuuliza swali hilo kwa sauti, mbele ya mataifa yote. Lingaliweza kusema: "Twaondoka, kwa kuwa tulitumwa bila silaha za kutosha na bila kiti mezani; na watu tunaowaacha kule Mubambiro wana majina." Neno kama hilo haligharimu risasi hata moja.

Tarehe 13 Machi SADC nayo ikamaliza kazi ya jeshi lake, na tangu tarehe 29 Aprili magari yakaanza kupita Rwanda kwenda Chato, Tanzania. Juni 27 mapatano ya Kongo na Rwanda yalitiwa sahihi Washington. Tulisikiliza redio mpaka usiku, tukangoja kusikia wakitajwa wale waliokufa Sake. Habari zilizotufikia zilikuwa za madini.

Wamalawi wamebadilisha serikali tangu hapo. Chakwera alishindwa katika uchaguzi wa Septemba 2025, na Peter Mutharika aliapishwa Oktoba. Serikali mpya haifungwi na kimya cha ile ya kwanza. Katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa Malawi ina kura moja, nayo China ina kura moja. Bunge lake laweza kudai hesabu: askari wetu walitumwa kwa agizo gani, walikuwa na silaha gani, nani alikaa mezani kwa niaba yao? Mabalozi wake waweza kuwatafuta wa Tanzania, waliozika pamoja nao, wakadai kwa pamoja kwamba nchi iliyotoa askari isikose kiti pale vita vile vile vinapoamuliwa. Na wakikipata kiti hicho, tunawaomba watusogezee nasi ubao wa kukalia. Tutakaa hata pembeni, tukiwa na majina ya watu wetu tumeyaandika.