Wimbo Hauna Hati ya Nyumba

Juma lililopita, katika semina yangu ya siasa za miji, mwanafunzi mmoja alisema kwamba muziki wa kufokafoka unaolalamikia ubaguzi wa rangi ni kelele za watu waliokwisha kuzoea kuonewa. Kama mashairi hayo yana nguvu, aliuliza, mbona mitaa iliyoyazaa inaendelea kuuzwa na wenyeji wake wanaendelea kuhama? Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, na jibu nililompa siku ile lilikuwa hafifu. Namjibu leo.

Nianze na jengo moja: namba 1520, Sedgwick Avenue, wilaya ya Bronx, jijini New York. Tarehe 11 Agosti 1973 binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa tafrija ya kiingilio katika ukumbi wa jengo hilo ili apate fedha za nguo za shule. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo aliyozaliwa hip-hop. Kinachosahauliwa ni jengo lenyewe. Lilijengwa chini ya mpango wa serikali ya jimbo uliompa mwenye jengo mkopo nafuu na unafuu wa kodi, naye kwa upande wake akafungwa asipandishe pango apendavyo. Familia za kipato cha kawaida ziliweza kuishi humo bila hofu ya kila mwisho wa mwezi.

Hofu ilikuwa nje. Katika miaka ya 1930 serikali kuu ya Marekani iliagiza miji ichorewe ramani za mikopo, na mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu, yaani mkopeshaji ajihadhari. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Sisi tulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mkoloni naye hakuuita mpangilio huo ubaguzi. Aliuita viwango vya ujenzi. Kisha, kati ya 1948 na 1972, Robert Moses alipitisha barabara kuu katikati ya Bronx. Katika kipande cha maili moja tu cha East Tremont, familia zipatazo 1,500 zilihamishwa, nyingi zikiwa za Wayahudi wafanyakazi. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaharakati wanaosimulia habari hizi kana kwamba tingatinga huchagua rangi peke yake. Huchagua unyonge kwanza. Lakini wenye ngozi nyeupe waliweza kupata mkopo na kuanza upya kwingineko, ilhali weusi na Wapuertoriko walibaki katika mitaa iliyonyimwa mikopo. Katika miaka ya 1970 mitaa hiyo iliteketea kwa moto, wakati huohuo jiji likifunga baadhi ya vituo vya zimamoto.

Hapo ndipo ulipotoka, mwaka 1982, wimbo wa Grandmaster Flash and the Furious Five uitwao “The Message.” Kabla yake muziki huu ulikuwa zaidi wa kuchezesha watu. Wimbo ule uliwaonyesha wasikilizaji mtaa uliotelekezwa, na ndani yake mtu asiye na fedha za kuhama. Ninaupenda kwa sababu unaukuta ubaguzi pale ulipo kila siku, katika ngazi na milango ya nyumba za kupanga. Tusi unaweza kulijibu. Barua ya kuongezewa pango utamjibu nani?

Nayo barua ilifika hata Sedgwick Avenue. Mwaka 2007 wapangaji walipata habari kwamba mwenye jengo anataka kujitoa katika mpango ule na kuliuza. Kool Herc alijitokeza hadharani kusimama nao, na ofisi ya jimbo ya kuhifadhi historia ikatambua thamani ya jengo. Waandishi wa habari walifurika. Mwaka uliofuata jiji lilikataa mauzo kwa hoja kavu kabisa: bei iliyotajwa haikuweza kulipika kwa pango waliloweza wapangaji. Hata hivyo jengo liliuzwa baadaye, wanunuzi wakazama katika deni, na makazi yakaanza kuchakaa. Mwaka 2010 jiji lilitoa mkopo ili kampuni nyingine ilinunue deni lile na kulirudisha jengo kwenye pango nafuu. Katika miaka yote hiyo wapangaji walikuwa wakikutana, wakihesabu, wakiandika barua.

Mwanafunzi wangu angesema: basi ni mikutano iliyoliokoa, wimbo haukufanya kitu. Sikubali. Bila jina la hip-hop, lile lingekuwa jengo moja kati ya mengi yaliyouzwa kimyakimya. Lakini jina hilohilo pia huuzwa. Mwaka 2015 wajenzi waliokusudia kusimamisha maghorofa ya kifahari kusini mwa Bronx waliandaa tafrija ya watu mashuhuri, wakapamba ghala kwa mapipa yanayowaka moto na magari yaliyotobolewa kwa risasi. Waliokuwa watoto wakati nyumba zao zinaungua walikuwa bado hai, wengine wakiishi hatua chache kutoka hapo. Sijui kama nimewahi kuona mfano ulio wazi zaidi wa mateso ya watu kugeuzwa kuwa pambo la dalali.

Kwa hiyo nawalaumu kidogo wasanii, na zaidi sisi wasomi tunaowashangilia. Tunauchambua wimbo mstari kwa mstari, lakini sheria ya pango hatuisomi. Nanyi mlio katika ofisi za ardhi na mipango miji mnaisoma kila siku, ila wimbo mnauona ni mambo ya vijana.

Juma lijalo semina itakuwa na nyaraka mbili mezani: “The Message,” na mkataba wa pango. Nimemwomba mwanafunzi yule alete wa kwake. Amenijibu kwamba mwenye nyumba wake hajawahi kumpa.